Mazoezi Aliyonirushia

Yule mwanamke wa kwenye simu sikumpenda tangu siku ya kwanza, na mpaka leo nikikumbuka sauti yake damu inanichemka. Alisema Kiingereza cha puani, mchangamfu kupita kiasi, na alikuwa ananisifia kabla sijafanya chochote. Mimi nimelala chali sakafuni, nimejifunga kanga mbili, pumzi hazitoshi, yeye ananiambia nimefanya vizuri sana. Vizuri gani? Mimi ni mwalimu. Namjua mtoto anayestahili vema na namjua anayestahili kurudishiwa daftari lake akarudie kazi, na siku ile nilikuwa wa kurudishiwa daftari.

Ilikuwa mwaka 2014, Kasulu mjini. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi, nimepanga chumba na sebule kwa mama mmoja mjane, Muha wa hapohapo. Mimi pia ni Muha, lakini wa Mabamba, kule Kibondo mpakani na Burundi. Na nilikuwa nimeposwa. Mchumba wangu alikuwa mtoto wa mfanyabiashara aliyetoka Tanga zamani akahamia huku na mitumba yake. Yeye mwenyewe alikuwa na duka la simu karibu na stendi. Aliuza chaja na makava, aliwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi, alifufua simu zilizotumbukia chooni. Posa ilishapokelewa, wazee walishaelewana, harusi ilikuwa inangoja maharage yavunwe tu.

Nilimtaka yule mwanamume. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa naolewa kwa kusukumwa. Nilimpenda mpaka nikawa napita njia ya stendi hata nikiwa sina shida ya huko.

Jumapili moja alikuja kunisalimia, tukakaa barazani. Akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza, kama mtu anayechagua embe sokoni. Akacheka. "Lile gauni nililokuonyesha linataka mtu mwepesi. Hebu lete simu."

Nikampa. Akawasha bluetooth, akanirushia programu ya mazoezi, akaifungua, akaipanga mwenyewe. Akaiwekea kengele ya kunikumbusha kila siku baada ya Alasiri, nikiwa nimerudi shule. Ilipolia kwa mara ya kwanza pale barazani, filimbi kwanza kisha yule mwanamke akiuliza kama niko tayari, mchumba wangu alicheka akapiga makofi.

"Bure kabisa," aliniambia. "Utafanyia ndani, hakuna atakayekuona. Ukipungua kidogo tu, picha zetu zitakuwa moto. Ila usiwaambie wazee kama ni mimi. Watasema nakudharau."

Niliumia, nikacheka. Mimi nilikuwa mnene wa kawaida, mnene wa kwetu, ambao nyumbani unasifiwa. Lakini mtu ukishampenda, neno lake linakuingia kabla hujaamua kama ulitaka liingie.

Kukimbia barabarani kusingewezekana. Mtaa wetu ulikuwa upande wa kwenda Mtabila, ile kambi ya Warundi iliyofungwa miaka miwili nyuma, na watu wa upande ule walikuwa wameshaona wenzao wakikimbia vya kutosha. Mtu mzima akikimbia, kwao ana sababu, na sababu hiyo lazima waijue. Tena ukipita mbio bila kusalimia umetukana. Ukisimama kusalimia nako, salamu za Kiha haziishi upesi: utaulizwa ulivyoamka wewe, walivyoamka wa nyumbani, mvua imenyesha vipi upande wenu, na jasho limeshakauka.

Basi nikafanyia ndani, na nikafunga mlango. Mgeni kutoka Dar angefunga bila kuwaza. Mimi nilijua nafanya nini. Kwetu mlango haufungwi mchana mtu akiwa ndani. Anayefunga ana mgonjwa, au ana msiba, au anakula nyama peke yake. Nilijua yote hayo, nikavuta komeo.

Picha ya kwanza iliyotokea kwenye kioo iliniudhi papo hapo. Yule mwanamke, mwembamba, nywele kazifunga juu, amevaa vitu vya kubana, alikuwa anaruka kichurachura. Kichurachura! Adhabu tunayowapa wachelewaji pale mstarini. Baada ya hapo pushapu, adhabu ya wapiga kelele. Halafu kukaa kitini bila kiti, mgongo ukutani, ambayo mwalimu wetu wa zamu alikuwa akiwapa watoro mpaka mapaja yanatetemeka. Kila nilichowahi kumfanyisha mtoto wa mtu nilirudishiwa mimi, sebuleni kwangu, na mwanamke anayetabasamu. Nilimchukia kwa dhati. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kiha, na yeye akanijibu kwamba naendelea vizuri sana.

Na hiyo bure yenyewe ilikuwa uongo. Katikati ya kuruka, kioo kinajaa tangazo la chai ya kukata tumbo. Unalifunga, linakuja la mkanda wa kukata tumbo. Bando linakwisha, betri inapata moto utadhani chapati, na umeme wetu wa jenereta ulikuwa unakatika siku unayouhitaji. Mara mbili tatu iliniambia kwamba mazoezi mazuri zaidi yamefungwa, nilipie. Nikasema heri. Haya mabaya yananitosha.

Mama mwenye nyumba alikuwa na ukuta mmoja na mimi. Wiki ya kwanza alinyamaza. Wiki ya pili akaanza kuja na sahani. Nilikuwa nikifungua mlango baada ya mateso yangu, nahema, macho mekundu, namkuta amesimama na ugali wa muhogo na maharage yanayoelea kwenye mawese.

"Mwidiwe, mwalimu," ananisalimia kwa Kiha. "Kula, mwanangu."

"Asante mama, nimeshiba."

"Umeshiba nini? Sijasikia hata sufuria." Anachungulia ndani, anatazama kitanda, anatazama chini ya meza. "Nimekusikia unalia."

"Silii, mama."

"Haya. Hulii. Kula."

Nilikula, nitamkatalia vipi? Kesho yake yule mwanamke alinirusha kichurachura zaidi, na mama akaja na migebuka, wale samaki wa ziwani. Siku zile nilikuwa nimekaa kati ya wanawake wawili, mmoja ananipunguza na mmoja ananijaza, na wote wawili wananiambia ni kwa faida yangu. Wa simu ndiye aliyeshinda. Nilianza kupungua.

Kazini wakaona. Wa kwanza kuniambia hakuniambia. Alisimama kando yangu tukisahihisha, akasema, bila kuniangalia, kwamba siku hizi dawa zipo na mtu anaishi miaka mingi na kulea watoto wake. Nilidhani anamsema mtu mwingine. Nilimwitikia kabisa, nikasema ni kweli, wenzetu wasifiche. Akanishika bega kwa huruma. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa, nikakaa kitandani na viatu.

Lakini nilipopita dukani kwa mchumba wangu, yeye alitoka nje ya kaunta. Akanizungusha mara moja, watu wakiwepo stendi, akanipiga picha. "Unaona?" alisema chini chini, sikioni. "Si nilikwambia?" Nikasahau chumba cha walimu, nikasahau bega langu kushikwa. Nilirudi nyumbani nikaruka mpaka chokaa ya ukutani ikadondoka.

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, alikuja kutoka Mabamba harusi ilipokaribia. Kwetu shangazi ndiye anayemwandaa mwali. Anakaa naye, anamfundisha, na zaidi ya yote anamlisha. Mwali anatakiwa atoke akiwa anang'aa mashavu, ili ukweni waone kwamba kwao hakukuwa na njaa. Alikuja na dumu la maziwa ya mgando mapajani njia nzima kwenye basi, na mkungu wa ndizi juu. Akashuka stendi, akaniangalia, akaliweka dumu chini.

"Yoo, mwana wanje, mtoto wangu," alisema. "Nani amekumaliza?"

"Ni mazoezi, shangazi."

"Mazoezi ya nini? Umeingia jeshini?"

Sikumwambia ni nani aliyenipa. Niliahidi sitasema, na ahadi kwa mchumba wakati ule niliiona kama sehemu ya ndoa yenyewe. Shangazi hakuuliza tena. Alininywesha maziwa asubuhi na jioni, na alipodhani nimelala alikuwa akilia.

Kumbe mama mwenye nyumba alishasema kisimani, kwa wema wake, kwamba waniombee, mwalimu wake anaugua: anafunga mlango mchana, anahema, analia, anakonda. Kutoka kisimani maneno yalifika sokoni, na kutoka sokoni hadi duka la mitumba la baba mkwe ni hatua chache. Alasiri moja, sisi tumekaa, tukaona wanawake watatu wa mabuibui wanashuka kwenye gari. Mama yake mchumba wangu, na dada wawili wa huyo mama. Mchumba wangu ndiye aliyekuwa dereva. Aliingia mwisho, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akawa anachezea funguo.

Yule mama sina neno baya juu yake. Alikuwa mtu wa pwani wa kuzaliwa, hakuna neno lililotoka kwake bila kuvikwa nguo. Aliuliza hali zetu, akaulizia mavuno ya Mabamba, akaisifu sebule. Kisha akakunja ushungi wake magotini.

"Mwanangu," aliniambia, "na wewe wifi yangu," akamgeukia shangazi, "sisi hatukuja kwa ubaya. Maneno yamekuwa mengi. Mimi nina mtoto, na huyu nimeshamwita mtoto. Tunaomba kitu kimoja, aende hospitali akapime. Majibu yakiwa mazuri, tunafunga ndoa na waliosema waone haya. Yakiwa mengine, tutajua la kufanya, lakini harusi itabidi isimame."

Shangazi alisimama kabla yule mama hajamaliza. "Mmekuja kumpima mtoto wa kaka yangu kama ng'ombe? Mbona hamkusema huyu wenu naye apime?"

"Kaa, wifi, tafadhali."

Mimi nilikuwa namtazama mchumba wangu pale mlangoni. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka. Nilikuwa nangoja tu. Alikuwa na sentensi moja ya kusema: mama, ni mimi niliyemwambia apungue. Ingetoka, shangazi angemkaripia, mama yake angemfinya sikio, tungenywa chai. Nilikuwa namwonea huruma kidogo kwa karipio atakalolipata.

Yeye aliendelea kutenganisha ufunguo na ufunguo.

Na hapo, juu ya kabati, filimbi ikalia. Wote tukashtuka. Yule mwanamke akapaza sauti yake ya puani, akauliza kwa Kiingereza kama niko tayari, kisha muziki wake wa kupigapiga ukaanza.

"Nani huyo?" aliuliza dada mmoja, akiangalia mlango wa chumbani. "Kuna mzungu humu?"

"Ni simu," nilisema.

Mama yake akamgeukia yeye. Ilikuwa kawaida, kila jambo la simu katika familia ile lilipelekwa kwake. "Kitu gani hicho, baba?"

Akainua macho. Alinitazama mimi, si mama yake, na kidole chake alikitia ndani ya pete ya funguo. "Sijui, mama," alisema. "Watu wanaweka vitu vingi kwenye simu siku hizi."

Sijui. Kengele aliiweka yeye kwa vidole vyake. Aliipigia makofi.

Nilinyanyuka. Nilikuwa na hasira ambayo sijaipata tena maishani, na ilikuwa hasira tulivu. Nilichukua simu, nikaiegemeza kwenye chupa ya chai mbele ya wageni, nikasogeza meza kwa mguu. Nikafunga kanga juu ya dera. Yule mwanamke alipoanza kuruka, nami nikaanza kuruka.

Niliruka kichurachura mbele ya mama mkwe, kutoka miguuni pake hadi kwenye kabati na kurudi. Vikombe vikalia kwenye sinia. Nikalala nikapiga pushapu, za magotini, lakini nilizipiga, uso wangu ukishuka karibu na viatu vya yule bwana na kupanda. Nikakaa kitini bila kiti, mgongo ukutani, mapaja yakitetemeka, jasho likinichuruzika puani, nikimtazama usoni. Nikahema kwa sauti yangu yote ya siku zote. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Mlango ulikuwa wazi, maana tulikuwa na wageni. Mama mwenye nyumba akatokea, mikono ina unga wa muhogo, akasimama pale kizingitini akinitazama nikiruka. Akanitazama, akatazama ukuta wetu, akanitazama tena.

"Kumbe ni hiki!" alisema. "Yesu wangu. Mwalimu, kumbe ni hiki! Nimewaombesha watu mwezi mzima, kumbe unacheza!"

Yule mama wa pwani ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu, dada zake wakafuata, shangazi akacheka huku analia, na mama mwenye nyumba akakaa chini kabisa kizingitini. Mazoezi yakaisha, yule wa simu akanisifu, wakacheka upya. Mama mkwe akasimama, akanikumbatia na jasho langu lote. "Alhamdulillah. Mwanangu, nisamehe. Kumbe mazoezi! Hospitali haina haja tena." Akanifuta uso kwa ushungi wake mzuri. "Lakini nani kakutia wazimu huu, mtoto mzuri kama wewe?"

Hapo tena nikanyamaza. Nilimpa nafasi ya pili, na hakuna aliyejua kama ninaitoa isipokuwa sisi wawili. Sasa palikuwa pepesi. Watu walikuwa wanacheka; angesema kwa utani na ingepita.

Na yeye alikuwa anacheka pia, kwa nafuu, funguo zimetulia. "Walimu hao, mama," alisema. "Kila kitu cha mtandaoni wanataka kujaribu."

Walikunywa chai, wakaaga kwa furaha. Harusi ilikuwa imerudi mahali pake. Gari lilipoondoka, shangazi alianza kumimina maziwa kwenye kikombe, akiimba kidogo.

"Shangazi," nilisema, "usinimiminie. Kesho mwite mshenga. Arudishe posa ya watu."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, alikaa. "Kwa ajili ya kukupima? Mama wa watu ameomba radhi."

"Mama yake hana kosa."

Nikamwambia yote, jinsi ilivyorushwa na nani aliyeweka kengele, na kwamba nilipigwa marufuku kusema. Shangazi hakuwa na simu ya kupangusa, sikuwa na hakika ataelewa. Alisikiliza akizungusha kikombe. Mwishowe aliuliza swali moja.

"Wakati wanataka kukupeleka kupima, yeye alikuwa amekaa pale pale mlangoni?"

"Pale pale."

"Na alijua?"

"Alijua."

Akayarudisha maziwa dumuni, polepole, asimwage. Asubuhi alikwenda kwa mshenga mwenyewe, kwa miguu, hakutaka hata bodaboda.

Nililia, msidhani sikulia. Nililia mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta kuuliza kama nacheza au nalia kweli, nikamjibu kweli, akaja akakaa nami. Maharage yalivunwa na harusi haikuwepo. Mama mkwe alinitumia salamu na kitambaa cha dera, na sikuviona kuwa ni kejeli. Sikujua mwanawe alimweleza nini, na sikuuliza.

Yule mwanamke wa simu alibaki. Sikujua namna ya kumtoa. Kila siku baada ya Alasiri filimbi ilipigwa, hata nikiwa kwenye kikao cha walimu, na aliyejua mahali pa kuizimia alikuwa na duka karibu na stendi. Nisingekwenda kwake hata kama ningekufa. Kwa hiyo kila siku, Alasiri ikikaribia, nilifungua simu mgongoni nikatoa betri, nikaiweka mezani.

Mwezi mmoja hivi baadaye, alasiri, nikiwa nimeshaishika simu tayari kuifungua, ujumbe ukaingia. Ulikuwa wa yule mwanamume. Nilifikiri ameona kosa lake. Nilifikiri, na moyo ulinipiga kweli, kwamba hatimaye ameandika ile sentensi moja.

Aliandika: "Mambo. Usiache mazoezi lakini, ulikuwa umependeza."

Niliusoma mara mbili, nikatoa betri. Mlango ulikuwa wazi, na mama mwenye nyumba alikuwa anakuja uani na sahani, mgebuka mmoja umelala juu ya ugali, mawese yanamtiririkia kidoleni. Nilisogeza kiti nikamwambia aongeze.